Kwato na pembe si ushirikina wa wahunzi

Nimekutana tena na ile hoja kwamba kugumisha uso wa chuma kwa kwato, pembe na mifupa ni imani za wazee, na imenikera kweli. Anayesema hivyo hajawahi kujiuliza ndani ya boksi ambamo chuma hufukiwa pamoja na vitu hivyo na kuchomwa kunatokea nini.

Chuma laini, chenye kaboni isiyofika asilimia 0.25, hata ukichome mpaka kiwake na kukitosa majini, hakiwi kigumu cha maana. Kaboni haitoshi, kwa hiyo lazima ikiingie kutoka nje. Unakifukia ndani ya boksi la chuma lililojaa mifupa na kwato zilizochomwa na kusagwa, unaziba kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi, kisha unaliacha motoni kwenye nyuzi 900 hivi kwa saa kadhaa. Humo ndani hutokea kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayoachia kaboni kwenye uso wa chuma, ikazama taratibu. Ukikitosa majini sasa, uso unakuwa mgumu na kiini kinabaki kuhimili vishindo.

Mkaa wa miti nao unaifanya kazi hiyo, sawa. Lakini kwato, pembe na ngozi ni protini, na protini ina nitrojeni, ambayo nayo huingia kwenye chuma na kuongeza ugumu. Hata baadhi ya chumvi za kiwandani za kugumishia chuma zinazosifiwa leo zina asili hiyo hiyo: zamani Ulaya walichoma damu, pembe na kwato pamoja na potashi (chumvi inayotokana na majivu ya kuni) na vipande vya chuma, wakapata chumvi ya manjano ambayo wahunzi waliinyunyizia kwenye chuma cha moto. Ushirikina uko wapi hapo?

Mtawa Theophilus, katika karne ya 12, aliandika namna ya kugumisha tupa ndogo: zipakwe mafuta ya nguruwe, zizungushiwe kanda za ngozi ya mbuzi, zifungwe kwa uzi, kisha zifunikwe udongo, mkia ukiachwa wazi. Huo mkia ndio unaonifurahisha kuliko yote. Ndio unaoingia kwenye mpini, na ukiwa mgumu kama meno ya tupa utakatika. Hayo ni maarifa ya mtu aliyeikaribia kazi.

Wengi wanaolalamika kwamba njia hii haifai hufungua boksi mapema, au huacha udongo upasuke hewa iingie. Kina cha ugumu ni vigumu kukipima kama kiwandani, hilo silikatai, na harufu yake ni mbaya.

Ila ngozi iliyotengenezwa kwa kromi, yaani kemikali ya kiwandani ya kuifanya ngozi isioze, ambayo ndiyo ya viatu vingi, isiingie humo kabisa. Moshi na majivu yake ni sumu. Na hata kwa kwato tupu, kazi hii ifanyiwe nje, penye upepo, kwa sababu ile gesi inayokipa chuma kaboni yenyewe haina harufu, nayo humuua mtu bila yeye kujua kwamba ipo.