Uji wa shule usisubiri mfadhili

Jana jioni hapa Columbus, Ohio, Marekani, mama aliyenitangulia kwenye foleni alipanga maziwa, mayai, mchele na maharage juu ya kaunta, akapitisha kadi kwenye mashine, akabonyeza namba ya siri, akaondoka na mwanawe. Ilikuwa kadi ya msaada wa chakula. Keshia hakuuliza kitu. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia, maana nilimkumbuka mpwa wangu wa Mbagala, Dar es Salaam.

Yuko darasa la tatu. Saa nne vikombe vya plastiki vinapangwa kwenye benchi, sufuria la uji linafunuliwa, na wanaotoka ni wale ambao mchango wao umelipwa. Wengine wanabaki darasani. Anasema mwenzake wa dawati hulaza kichwa juu ya daftari mpaka kengele ilie. Elimu bila malipo ilianza 2016 na naishukuru, lakini uji uliachiwa wazazi, na hali za wazazi wa Mbagala mnazijua.

Najua mtakachosema: "Kaenda juzi tu, kashaanza kutudharau." Sidharau, wala huku si peponi. Kuanzia Oktoba 2025 serikali yao ilifungwa siku 43, wanasiasa wakivutana kuhusu bajeti. Novemba ikaingia kadi hazijajazwa, na watu kama milioni 42 wanazitegemea. Mwenzangu wa zamu, mwenye watoto wawili, aliniomba dola 20 za maziwa huku machozi yanamlengalenga. Lakini angalieni wanachogombania: nani kati yao alipe. Sheria yao ya msaada huu ni ya 1964 na pesa ni kodi yao, yangu pia imo. Mwananchi akikasirika anajua mlango wa kugonga.

Sisi tugonge wa nani? Mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini umeshika wengi mkono. Shangazi yangu ni mlengwa, na kuku wake wa kwanza aliwanunua kwa ruzuku ile. Siubezi hata kidogo. Ila sehemu kubwa ya fedha zake imetoka kwenye mikopo ya Benki ya Dunia na kwa wahisani. Hao wakibadili mawazo huko kwao, shangazi hana hata wa kumuuliza.

"Nchi maskini hii, itatoa wapi?" Jamani! Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu. Tulinung'unika, tukalipa. Tungeambiwa sehemu yake ni unga wa uji wa shule za msingi za Dar es Salaam, nani angekataa? Na mahindi tunayo. Wakulima wa Rukwa na Songwe wanalilia soko, NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, inanunua na kuhifadhi kwa ajili ya njaa. Njaa ya saa nne asubuhi darasani nayo ni njaa.

Na msiniambie eti sisi wa nje tuchange. Mimi natuma. Nilikuwa nalipia uji wa mpwa wangu na wa yule mwenzake wa dawati. Februari nilipunguziwa zamu kazini, nikatuma ya mpwa wangu peke yake. Mwenzake akarudi kulaza kichwa juu ya daftari.