Raketi ya badminton usiipimie kwenye smashi

Mtu akishika raketi mpya ya badminton kitu cha kwanza ni smashi, lile pigo kali la kushusha chini, anaruka, anapiga, kinyoya (ndo mpira wetu) kinalia pwaa, basi raketi imeshapewa sifa zote. Mi naona hapo ndo tunapojidanganya, maana smashi unapiga ukiwa na muda, mkono uko juu na nguvu zote umezikusanya, kwa hiyo hata raketi ya kawaida tu ikifungwa nyuzi nzuri itasikika kama ya bingwa. Raketi nataka kuijua pale ninaposhambuliwa mimi, nimechuchumaa, kinyoya kinakuja usawa wa kiuno afu nafasi ya kuzungusha mkono hamna. Hapo raketi ikichelewa kidogo tu imekwisha, unarudisha kinyoya cha juu cha kumwandalia mpinzani.

Uzito watu wanauangalia sana, na kweli una maana yake, kwa vipimo vya kampuni ya Yonex raketi yenye alama ya 3U ni gramu 85 hadi 89 na 4U ni 80 hadi 84, ila unachokisikia mkononi zaidi ni huo uzito umekaa wapi. Chukua raketi zao mbili, Astrox na Nanoflare, zote za 4U. Kwenye mzani ni ndugu, uwanjani ni watu wawili hawajuani kabisa, Astrox kichwa kizito inakusaidia ukiwa nyuma unapiga kwenda chini, Nanoflare kichwa chepesi inageuka haraka kwenye draivu, yale mapigo bapa ya kasi juu ya neti, na ukiwa mbele ya neti kwenye dabo, mchezo wa wawili wawili. Sasa mtu anayecheza dabo tu, tena muda mwingi yuko mbele, anaenda kununua raketi ya kichwa kizito kwa sababu smashi yake ililia vizuri siku ya kujaribu... aisee.

Halafu shafti, ule mwiba mwembamba kati ya mpini na kichwa. Viktor Axelsen, bingwa wa Olimpiki kutoka Denmark, amecheza na Astrox 100ZZ, shafti yake ni ngumu kweli kweli, na wako wengi wameinunua kwa sababu hiyo hiyo. Shafti ngumu inataka mkono wenye kasi, kama kasi huna haipindi, na isipopinda hairudishi kitu, unabaki unasukuma kwa bega. Kipimo changu hapa ni klia ya bekhendi kutoka kona ya nyuma, yaani kukirusha kinyoya juu hadi nyuma kwa mpinzani kwa kutumia mgongo wa mkono, pigo ambalo wengi hatulipendi. Kinyoya kikifika nyuma kwa mpinzani bila kujiumiza, shafti na wewe mmeelewana, kikifia katikati ya uwanja kila mara basi tafuta iliyo laini zaidi na wala sio aibu.

Na hizi rekodi za kasi nazo zinatuharibu. Satwiksairaj Rankireddy, mchezaji wa India, smashi yake ilipimwa 2023 akafika kilomita 565 kwa saa, ni balaa, lakini hiyo ni kasi ya kinyoya kikitoka tu kwenye nyuzi, na kinyoya chenyewe ni cha gramu 5 hivi chenye manyoya 16, hewa inakipunguza kasi hapo hapo. Na ule mkono hauuzwi pamoja na raketi.

Kinachoniudhi zaidi kwenye maoni ya watu ni nyuzi. Mtu anakwambia raketi hii ni butu, haina mlio, ukimuuliza ina nyuzi gani na zimevutwa paundi ngapi, yaani zimekazwa kiasi gani, anakutolea macho. Fremu ile ile ukiifunga BG65, uzi mnene wa Yonex wa milimita 0.70, kwa paundi 22, afu uje uifunge BG80, uzi wao mwingine, kwa 27, utaapa umebadilishiwa raketi, ya kwanza laini na inakusamehe ukipiga pembeni ya katikati, ya pili ngumu, kali, na ukikosea inakwambia mpaka kwenye kiwiko. Tena nyuzi zinalegea zenyewe hata usipocheza, kwa hiyo kulinganisha raketi iliyofungwa juzi na ile iliyokaa begini tangu mwaka jana ni kuionea tu. Gripu, ule utepe wa kushikia kwenye mpini, nayo ni hivo hivo, ukizungushia gripu mbili tatu juu ya ile ya kiwandani umeongeza uzito kwenye mpini, kichwa kinajisikia chepesi kuliko kilivyo.

Kwa hiyo mi nikijaribu raketi naanza na draivu, afu naomba mwenzangu anipige smashi nijikinge, afu neti, maana pale neti ndo unajua kama vidole vinaisikia raketi au unabahatisha. Smashi nazipiga mwisho, seti ya tatu, mkono umeshachoka. Nikiwa mbichi kila raketi ni nzuri.

Na ukiazima ya mtu, kabla hujafungua mdomo kuisifia au kuiponda, muulize nyuzi gani, paundi ngapi, zimefungwa lini. Akisema hajui, hayo maoni yako yaweke kiporo kwanza.