Usimfukuze kabla hujamuuliza

Mwaka 2019 nilimpoteza mteja kwa sentensi moja. Hakufa, alhamdulillahi. Aliomba tu abadilishiwe mshauri, na tangu siku hiyo tukikutana kwenye veranda ya kliniki alinisalimia kwa mbali, macho kwenye kadi yake.

Wakati huo nilikuwa mshauri nasaha kwa miaka 13 hapa Tanga, mingi kati yake kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Mama huyu (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, naye ameniruhusu kuyasimulia haya) hakuwa mtoro. Tarehe yake ikifika yupo, baibui limepigwa pasi, anachukua dawa, anaondoka. Ila wingi wa virusi ulikuwa haushuki. Siku hiyo nikambana. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Dada, kuna mtu ndani yangu. Nikishika kile kichupa ananiambia, ukimeza hiyo basi umekubali." Akakitoa kichupa chenyewe mkobani. Alikuwa amesokota pamba na kuishindilia ndani, ili vidonge visilie anapotembea.

Nikamjibu nilivyofundishwa: "Hayo ni mawazo tu, mama. Yashinde. Fikiria watoto."

Sisi tunaofanya kazi hii tunapenda sana maneno ya vita. Shinda, pambana, jikaze. Mfiwa tunamwambia ajikaze, mlevi tunamwambia ajikaze, binti asiyelala usiku tunamwambia asiyape mawazo nafasi. Nimeyasema hayo maelfu ya mara, kwa nia njema kabisa. Leo naamini kwamba mara nyingi nilikuwa namtuma mtu akapigane na mlinzi wake mwenyewe, bila hata kumuuliza mlinzi huyo analinda nini.

Sikujifunza hilo kitabuni. Mwisho wa mwaka ule ule mama yangu mzazi alifariki, na mimi sikulia. Siku zote za matanga nilikuwa mtu wa kuhesabu sahani, kuandika kwenye daftari nani kaleta nini, kuwatafutia wageni pa kulala. Watu wakanisifu kwamba nina moyo. Miezi sita baadaye nilikuwa bado silali, shingo imekaza upande wa kulia kama mtu kanishika ukosi. Ilikuwa 2020, wakati wa korona, mafunzo mengi yamehamia mtandaoni, na mwenzangu mmoja wa Nairobi akanialika kwenye kikundi kilichokuwa kinajifunza tiba ya sehemu za ndani kwa Zoom. Niliingia kwa sababu ya wateja wangu. Ndivyo nilivyojiambia.

Njia hiyo inajulikana kwa kifupi kama IFS, yaani mfumo wa familia ya ndani. Aliyeianzisha ni Mmarekani, Richard Schwartz. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa Chicago, mtaalamu wa tiba ya familia, akiwahudumia vijana wenye bulimia, ule ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Aliamini kwamba familia ikitengenezwa ugonjwa utaondoka. Kwa baadhi yao haukuondoka, nao wakaanza kumweleza habari za sehemu ndani yao: moja inawatukana, nyingine inawasukuma kula, nyingine inalia. Hakuwa wa kwanza kulisikia jambo hilo. Roberto Assagioli wa Italia alishaandika kuhusu nafsi ndogondogo nyingi ndani ya mtu mmoja. Lakini kilichonigusa kwa Schwartz ni kosa lake, kwa sababu lilikuwa kosa langu.

Anasimulia kwamba alikuwa na mteja aliyejikatakata. Akakaa naye, wakaibana ile sehemu inayokata mpaka ikakubali kwamba wiki ile haitamkata. Wiki iliyofuata mteja alirudi na jeraha kubwa usoni. Hapo Schwartz akainua mikono, akaiambia sehemu ile kwamba hawezi kuishinda. Vita vilipokoma ndipo akauliza kwa nini inafanya vile, nayo ikamweleza ilivyomsaidia mteja kuyavumilia mateso ya utotoni. Niliposikia kisa hicho nilizima kamera kwa muda. Nilikuwa nakiona kile kichupa chenye pamba.

Kwenye mafunzo hayo mwanafunzi lazima akae kiti cha mteja. Zamu yangu ilipofika mwalimu aliniuliza ni wapi mwilini ninapomsikia yule anayenizuia kulia. Shingoni. Akasema, muulize anafikiri una umri gani. Jibu lilikuja kabla sijalitafuta: tisa.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1984. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi, hakurudi. Mama alikuwa akiuza mandazi stendi tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyebaki na wadogo zangu na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano wa miaka ile ya foleni. Kibaba kimoja na nusu, sufuria moja, watoto wanne. Nikilia mimi, wote wanalia, na ugali unaungua. Kwa hiyo kuna mtoto ndani yangu aliyeamua kwamba hakuna kulia machozi hapa mpaka kazi iishe, na kazi haikuisha kwa miaka 36. Hakuna aliyemwambia kwamba wadogo zake sasa wana wajukuu njiani. Nilipomwambia nina miaka 45 nilihisi shingo inaachia kidogo, kama mtu anayegeuka kukutazama vizuri. Siku ile sikulia. Nililia wiki tatu baadaye, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nikamlilia mama mpaka mchuzi ukachelewa.

Watu huniuliza kama haya si mambo ya Wazungu. Mimi nawauliza Mswahili husemaje anapokwama. Moyo unataka, akili haitaki. Nafsi inanisuta. Nina roho mbili. Moyo umenituma. Lugha yetu imemjaza mtu watu tangu zamani, na wateja wangu hawahitaji somo kulielewa hilo. Wanahitaji ruhusa ya kulisema bila kuonekana wana wazimu.

Wapo wanaouliza kwa hofu, "Kwa hiyo nina shetani?" Ni swali la haki katika pwani hii. Mimi huwa nawajibu kwamba pepo, kwa wanaoamini, hutoka nje na kumpanda mtu kichwani. Huyu tunayemzungumzia hakutoka popote. Alizaliwa nawe, akakua pamoja nawe, na pengine alisimama kukua siku jambo fulani lilipotokea. Hata hivyo niseme kitu nilichokiona kwa bibi yangu: fundi wa ngoma za pepo hakuanza kwa kumfukuza pepo. Alimuuliza jina, akamuuliza anataka nini. Sipeleki wateja kilingeni, lakini adabu ile ya kuuliza kwanza naiheshimu.

Kwenye tafsiri nina ubishi kidogo na wenzangu. Wanafunzi wa Schwartz hugawa walinzi makundi mawili. Wasimamizi ni wale wanaozuia maumivu yasianze, kama mpima unga wangu. Wazimamoto huja moto ukishawaka, wakamwaga chochote kinachopatikana: pombe, chakula, wembe, simu mpaka alfajiri. Nyuma yao wapo wanaolindwa, mara nyingi watoto, wenye aibu na hofu za zamani. Na katikati, anasema Schwartz, yupo mtu asiyeharibika, mtulivu, mwenye huruma na udadisi. Wengi wanamwita Nafsi. Mimi naliogopa neno hilo, kwa sababu Waislamu wa pwani tumeshalipa kazi nyingine. Nafsi kwetu huamrisha maovu, hujilaumu, na mwisho wake hutua. Ni hali za nafsi moja, na kumwambia mteja "acha Nafsi iongoze" ni kumchanganya. Mimi husema mwenye nyumba. Kila mtu anaijua nyumba ya Kiswahili: mgeni hukaa barazani, hupiga hodi, huwezi kupita ukumbini moja kwa moja mpaka uani kwa kuwa tu una shahada. Mlinzi amekaa barazani. Ukimruka, atakukamata, na ana haki.

Ndiyo maana wanaoharakisha wananitia wasiwasi. Nimeona washauri waliomaliza semina ya siku mbili wakimkimbiza mteja hadi kwenye kumbukumbu za utotoni, huku wao ndio wanaomtilia maneno mdomoni. Hilo ni hatari kubwa. Anayesikia sauti ambazo ni ugonjwa wa akili anahitaji daktari wa akili na dawa kwanza. Ushahidi nao ni mdogo bado. Upo utafiti wa Marekani uliotoka 2013, wa wagonjwa 79 wa baridi yabisi, ambapo waliopata tiba hii kwa miezi tisa walipungukiwa na maumivu na sonona kuliko wenzao waliopewa elimu tu ya ugonjwa. Ni mwanzo mzuri. Mtu akisema njia hii inatibu kila kitu, mkimbie.

Mwaka 2021 nilimwomba mshauri aliyempokea yule mama aniulizie kama angekubali kuonana nami mara moja. Akakubali. Nikamwambia, "Mama, siku ile sikukusikiliza. Nisamehe." Akasema yamepita. Nikamuuliza kama yule anayemzuia bado yupo.

"Yupo. Siku nyingine ananiachia nameza, siku nyingine hataki."

"Naomba kumuuliza, kama ataridhia. Anaogopa kitatokea nini ukimeza kila siku?"

Aliweka kiganja tumboni. Akakaa vile kwa muda mrefu, nami nikamwacha.

"Anasema watoto watauliza ni dawa ya nini. Nikiwaambia, watajua baba yao alikufa na nini." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Walimpenda sana baba yao."

Kumbe huyo mtu wa ndani hakuwa anaukataa ugonjwa. Alikuwa analinda jina la marehemu mbele ya wanawe, na mimi nilimwambia awafikirie watoto.

Hatukumfukuza. Tulimuuliza angeridhika na nini, na ilichukua miezi minne. Kwanza alijua dada wa mama, kisha binti mkubwa, ambaye kumbe alikuwa akijua tangu kidato cha pili na akinyamaza kumlinda mama yake. Kipimo cha wingi wa virusi kiliposoma chini ya 50, yaani virusi vimeshuka hadi karibu kutoonekana, walikuja pamoja kuniaga, maana mama alikuwa anahamia kliniki iliyo karibu na kwake. Binti ndiye aliyebeba mkoba. Walipokuwa wakishuka ngazi nilisikia vidonge vikilia ndani yake.