Wao wana Ijumaa yao, sisi tunangoja Krismasi

Chumba changu cha kwanza Leipzig kilikuwa Grünau, mtaa wa majumba marefu ya zege yaliyopangwa mistari kama sanduku za sabuni. Nilishuka kwenye tramu na begi langu, nikainua macho, nikacheka peke yangu. Kikwajuni tupu! Aliyekulia Unguja ananielewa. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani tulijengewa na Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na Leipzig ilikuwa kwao hao hao. Basi macho yangu hayakuona ugeni mkubwa. Ugeni uliniingilia masikioni, Ijumaa moja ya Novemba, nilipoingia Thomaskirche kukwepa baridi.

Kanisa hilo liko katikati ya mji. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na kila Jumamosi saa tisa mchana, kunaimbwa. Waimbaji ni vijana wa kiume wa kwaya ambayo historia yake inaanzia 1212. Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, alikuwa mwalimu wao kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750, na kaburi lake limo humo humo, upande wa madhabahu. Watu huliwekea maua kama anavyowekewa babu wa familia. Siku ile mimi hayo sikuyajua. Nilikaa, nikasikia sauti, nikaanza kuzungusha shingo kutafuta kwaya iko wapi. Sikuiona. Iko juu, kwenye roshani ya nyuma, migongoni mwetu. Watu wameinamisha vichwa, wanasikiliza wasichokiona. Nikajiambia: hawa wana roho! Kwetu kwaya ishone sare mpya halafu ikae mahali isipoonekana? Akina mama wa sauti ya kwanza wangegoma.

Mimi ni mtoto wa Mkunazini, nimeimba besi katika kanisa kuu la Kianglikana tangu sauti iliponivunjika. Jirani yetu alikuwa ami mmoja mpiga fidla wa taarab, Muislamu, mtu wa swala tano. Ndani ya kanisa sikumwona hata siku moja. Lakini mkesha wa Krismasi alikuwa akikigeuza kiti chake pale barazani, kikaelekea upande wetu, na kahawa yake mkononi. Asubuhi yake hunikamata njiani.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba. Besi yenu jana ilikuwa inaburuta miguu.”

“Ami, jana tulijitahidi.”

“Mlijitahidi kuburuta.”

Na alikuwa na haki yake. Besi yenyewe tulikuwa watu wawili, mimi na mjomba.

Huku nimejiunga na kwaya ya kanisa la mtaani kwangu. Si vijana wa Bach hao. Ni wauguzi, mafundi umeme, dereva mmoja wa tramu, na wastaafu chungu nzima. Mazoezi Jumanne saa moja na nusu usiku. Siku ya kwanza nilifika saa mbili kasoro dakika ishirini, nikijiona nimewahi, nikakuta wameshapasha sauti na wako ukurasa wa nne. Hakuna aliyenisema. Walinitazama tu, na bora wangenisema.

Aibu ya pili ilikuwa nota. Sisi tumefundishwa solfa, zile do re mi za herufi zilizoachwa na wamisionari wa Kiingereza, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiziandika ubaoni kwa chaki mbio kuliko mtu anavyoandika barua. Huku ni mistari mitano na vijidudu vyeusi. Nilishika sehemu yangu kwa masikio, kipande kwa kipande, kwa kumwibia mzee wa pembeni yangu, nikaihifadhi nzima kichwani. Kiongozi alikuwa kila mara akiwagombeza wenzangu, “Acheni karatasi, nitazameni mimi!” Mimi nikimtazama bila kupepesa. Kwa wiki kadhaa alinisifu kwa nidhamu yangu. Sikumwambia sababu.

Kila mwisho wa mwezi kanisa lile lina konsati. Mara ni kwaya yetu, mara fidla nne, mara mtu mmoja na kinanda. Kiingilio hakuna, kikapu kiko mlangoni, utie ulichonacho. Ratiba ya mwaka mzima imechapishwa Januari, imebandikwa hata kwa muuza mikate. Oktoba kutaimbwa nini, mimi nakijua wakati theluji bado iko chini. Na hilo ndilo lililonigusa kuliko ukubwa wa kinanda au umri wa kwaya. Watu wana siku yao. Bibi wa ghorofa ya chini haulizi kama kutakuwa na onyesho. Anauliza avae koti gani. Bach mwenyewe, miaka yake ya mwanzo mjini hapa, alikuwa akitunga kantata mpya, yaani wimbo mrefu wa ibada wa kwaya na ala, karibu kila wiki, kwa sababu Jumapili haimngojei mtu. Watu wanamsifu kwa kipaji. Mimi namsifu pia kwa kutokosa tarehe.

Najua mtu wa nyumbani atanijibu nini: wao wana pesa. Ni kweli, tena pesa yenyewe ina mlango unaojulikana. Hapa jimbo la Saxony muumini aliyeandikishwa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya ile kodi ya mapato anayolipa. Ndiyo maana kantori, yaani mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, ni mtu mwenye ajira, mshahara na shahada ya chuo. Mwalimu wetu wa kwaya Mkunazini alikuwa akilipwa soda na “Mungu akubariki”, na nauli ikipatikana. Alikuwa akitoka kazini kwake, akifika na jasho lake, akitufundisha sauti nne kwa kinanda ambacho funguo zake mbili zilikuwa zimekufa kwa chumvi ya bahari.

Lakini pesa haikueleza kila kitu. Wale wauguzi na dereva wa tramu hawalipwi. Kwa mwaka wanatoa mchango wao wa kununulia nota. Na nyumba ya Mungu yenyewe, Jumapili asubuhi, jamani, ni vichwa vyeupe ishirini na mwangwi. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea saa. Kwetu hata Jumapili ya kawaida watoto wanakaa sakafuni. Wao wana viti na ratiba, watu wanapungua. Sisi tuna watu, na hatuwaambii waje lini.

Tena kuna kimya chao, ambacho bado kinanishinda. Katika moteti, yaani ile ibada ya nyimbo ya Ijumaa pale Thomaskirche, hakuna kupiga makofi, na hilo nimelikubali, ni ibada. Lakini hata katika konsati zetu za mtaani, ukikohoa unageukiwa. Desemba moja tuliimba sehemu za Oratorio ya Krismasi ya Bach, hadithi ya Krismasi inayoimbwa kwa kwaya na ala, ile aliyoitunga kwa sikukuu za 1734 na mwanzo wa 1735. Inaanza kwa ngoma. Ngoma peke yake, bwana, halafu tarumbeta! Mwili wangu ukaitika. Mwenzangu wa besi akanigusa kiwiko, taratibu, kama anayemzuia mtoto asidondoke kitini. Kwetu wimbo ukifika pale, vigelegele vinatoka vyenyewe, na ukumbi wa taarab mtu angeshainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Sijui kwa nini furaha ya namna ile inaimbwa kwa watu waliofungwa mikanda.

Hapo ndipo mawazo yangu yanaporudi Mjini kila siku. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Askofu Steere alilijenga kwa mawe ya matumbawe, akaliezeka kuba refu la zege ambalo watu walisema litaanguka. Miaka hiyo hiyo, kule kasri, Sultani Barghash alimtuma Muhammed Ibrahim aende Kairo kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na hapo ndipo wengi wanapouanzishia taarab ya Unguja. Tazama basi: muziki wa aina mbili uliingia mji mmoja kwa wakati mmoja, mmoja kutoka Misri, mwingine kutoka Uingereza. Ule wa kasri watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, waliuchukua, Siti binti Saad akauimba kwa Kiswahili chetu, akarikodi Bombay 1928, na leo hakuna anayeuita wa Misri. Ule wa kanisani, ingawa tumeuimba kwa Kiswahili tangu enzi za Steere, hadi leo jirani anauita wa Kizungu. Kosa si la jirani. Hatujamkaribisha.

Na vifaa tunavyo. Fidla, chelo na besi zinazopigwa katika konsati zetu za Leipzig ndizo hizo hizo za vikundi vya taarab, pamoja na nyongeza ya udi, nai na kanuni ambazo Wajerumani hawana. Ikhwani Safaa iko tangu 1905, Culture Musical Club ipo Vuga, mwendo wa miguu kutoka kanisani, kahawa haijapoa. Kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza kusomesha 2002 na ambacho mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa kukosa fedha. Vijana waliotoka pale wanapiga hotelini wakati wa chakula cha usiku, mtalii anatafuna kamba na kuuliza neno la siri la intaneti. Tamasha la Februari pale Ngome Kongwe ni zuri, nami nalipenda, lakini ni siku chache za mwaka. Na mgeni akija kanisani anaonyeshwa palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, anaonyeshwa msalaba wa Livingstone na zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, anapiga picha, anatoka. Hakuna anayemwambia, wala hakuna anayemwambia mtu wa Darajani, kwamba nyumba ile inaimba.

Nataka siku moja tu kwa mwezi. Kwaya zetu, za Mkunazini na za Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, na wapiga fidla wa mjini, ndani ya kuba lile. Nyimbo zisizo za ibada zipo, vipande vya ala tupu vipo, Bach yupo. Kikapu mlangoni. Ratiba ibandikwe Januari mpaka kwa muuza urojo.

Nilimpigia simu ami kumweleza haya. Sasa ni mzee sana, fidla yake anayo, kamba moja imekatika. Nilitegemea abishe kuhusu kanisa. Hakubisha.

“Saa ngapi?” akauliza.

“Nilifikiri kumi na mbili jioni, kama huku.”

“Kumi na mbili! Magharibi utaiweka wapi?”

Nikanyamaza. Miaka tisa ya Leipzig imenisahaulisha.

“Muanze saa kumi na nusu,” akasema. “Alasiri imeshaswaliwa, jua limevunjika. Saa kumi na mbili kasorobo muwe mmemaliza. Mwezi wa Ramadhani hakuna. Na besi mtafute watu.”

Nimeyaandika kama alivyoyasema, nimemtumia mwalimu wa kwaya. Hajajibu bado, ni Kwaresima, ana mazoezi ya Pasaka. Dukani hapa nimeulizia kamba za fidla. Nimechukua seti mbili.