Ukifika Jaipur, fuata maji

Wengi wetu tunaofika India kutoka Afrika Mashariki tunakwenda kwa matibabu au masomo, na tukimaliza yaliyotupeleka Delhi tunapanda ndege kurudi nyumbani. Jaipur, mji wa maharaja katika jimbo la Rajasthan, uko umbali wa kilomita 270 hivi kutoka hapo, na treni zipo kila siku. Ukipata nafasi, nenda. Ila nakusihi usitembezwe mbiombio kama wageni wengi wanavyotembezwa: picha mbele ya jumba la Hawa Mahal na madirisha yake 953, duka la vito, duka la mazulia, kisha hotelini. Ufalme huu uliishi kwa maji, na ukiyafuata maji ndipo kuta zote zile zinapoeleweka.

Rajasthan ni kame. Mvua huja miezi michache tu, na baada ya hapo ni jua na vumbi. Kwa hiyo anzia Amber, mji mkuu wa zamani, ulio kilomita 11 hivi kutoka Jaipur. Raja Man Singh wa Kwanza alianza kujenga kasri lake huko mwaka 1592, juu ya kilima cha mawe. Kila mtu hukimbilia Sheesh Mahal, ukumbi uliopambwa kwa vipande vya vioo, na kweli unapendeza. Lakini kabla ya kuingia, simama ukutani utazame ziwa Maota huko chini, ujiulize maji ya kuogea na ya bustani yalifikaje huku juu. Yalipandishwa kwa awamu, kwa magurudumu yenye vyungu yaliyozungushwa na wanyama, kutoka birika moja hadi jingine. Ndani ya kasri utaona hata mifereji iliyochongwa vyumbani ili maji yanayopita yapooze hewa. (Na tafadhali panda kilima kwa miguu au kwa jipu. Kumpandisha tembo mteremko ule, juani, akiwa na watu mgongoni, mimi siungi mkono hata kidogo.)

Juu zaidi ya Amber iko ngome ya Jaigarh, na hapa ndipo ningependa ukae sana. Watu hupanga foleni kuuona mzinga mkubwa wa Jaivana, uliotengenezwa mwaka 1720, kisha wanaondoka. Mabirika yako pale pale uani! Mifereji iliyojengwa kufuata miinuko ya milima ya Aravalli ilikusanya maji ya mvua kutoka milimani na kuyaleta hadi ndani ya ngome, ili askari wakizingirwa wasife kiu. Hadithi ya mtaani inasema chini ya mabirika hayo ilifichwa dhahabu ya wafalme. Mwaka 1976, wakati wa utawala wa hali ya hatari wa Indira Gandhi, serikali iliisaka ngome hiyo, kisha ikatangaza kuwa haikuona hazina. Waongoza watalii wanaipenda sana hadithi ya dhahabu. Natamani wangetumia nusu ya muda huo kueleza mafundi wa zamani walivyopima mteremko wa mfereji juu ya mawe.

Mwaka 1727 Sawai Jai Singh wa Pili aliuhamishia mji mkuu bondeni, akaanzisha Jaipur yenye barabara pana zilizonyooka. Watu walikuwa wameongezeka Amber na maji hayakutosha. Ndani ya kasri la mjini utaona mitungi miwili mikubwa ya fedha, kila mmoja una uzito wa kilo 340 na zaidi. Maharaja Madho Singh wa Pili aliisafirisha kwa meli mwaka 1902 ikiwa imejaa maji ya mto Ganges, alipokwenda London kwenye kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, kwa kuwa imani yake haikumruhusu kutegemea maji ya ugenini.

Jambo linaloniudhi ni kwamba simulizi huishia kwa wafalme. Karibu na Jaipur liko bwawa la Ramgarh, ambalo kwa miaka mingi liliunywesha mji. Mwaka 1982 mashindano ya kupiga makasia ya Michezo ya Asia yalifanyika humo. Baadaye likakauka, na leo mji unategemea bwawa la Bisalpur lililo zaidi ya kilomita 100. Mgeni analipa kiingilio kuona jinsi watu wa zamani walivyolinda kila tone, halafu haambiwi neno kuhusu Ramgarh. Mimi ningeiingiza kwenye kila ziara, siku ile ile ya Jaigarh, na ningewataka waongozaji waeleze bila kuficha kilichotokea kwenye mito iliyokuwa ikililisha bwawa hilo.