Ndege ya Kuteremka Mlima

Kabla hamjanicheka, mjue kwamba hesabu ya kutoa niliifanya vizuri. Tiketi iliandika wazi: kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, 9:00, kufika N'djili, uwanja wa Kinshasa, 10:20. Toa. Inabaki saa moja na dakika ishirini. Hata mwalimu wangu wa Katuba, aliyekuwa bahili wa alama, angenipa zote.

Hesabu hiyo niliitangaza mtaa mzima wa Lubumbashi. Babu yetu alipokwenda Kinshasa alipanda treni hadi Ilebo, kisha meli ya mto Kasai, akafika na ndevu. Mimi nitafika bukari, ugali wetu, ingali moto! Na sikusema tu. Muke wangu aliisonga alfajiri, nikaifunga kwa vitambaa viwili pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, zawadi ya shangazi yangu wa Kinshasa ambaye kila akipiga simu analalamika kwamba kule wanamlisha chikwange, ule mkate wa muhogo.

Jirani yangu muuza makala, yaani mkaa, alitia shaka. "Kilomita 1,570 kwa saa moja na kidogo? Hiyo ni ndege ao risasi?"

Nikamjibu kisomi. "Lubumbashi tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, Kinshasa ni kama 300. Ndege inateremka tu, yaya."

Akanyamaza. Nikadhani nimemshinda.

Basi, tukaruka. Saa yangu ilipofika 10:20 nilichungulia dirishani: mawingu. 10:25, mawingu. Hakuna dalili ya kutua, watu wanasinzia. Moyo ukaanza kunidunda, maana baada ya Kinshasa kuna Matadi, kisha Moanda, kisha bahari, na mimi hata mto Lubumbashi siuogelei. Nikamnong'oneza mama mzee wa pembeni: "Mama, dereva amepitisha Kinshasa."

Kosa kubwa. Mama alipiga ukelele, akafumba macho, akaanza kutubu kwa sauti. Safu tatu zikaitikia "Amina" bila kujua wanaitikia nini.

Dada wa ndege akaja mbio. Nikamwonyesha saa na tiketi, kama wakili mwenye ushahidi. Akaviangalia, akaniangalia, akauma mdomo ili asicheke. "Papa, hiyo ni saa ya Lubumbashi. Kinshasa wako nyuma yetu saa moja nzima. Kule sasa ni 9:25. Safari ni saa mbili na dakika ishirini."

Nchi moja, saa mbili! Nilikuwa najua, ndiyo uchungu wenyewe. Nilijifunza shuleni, nikaacha shuleni.

Safu tatu zilicheka mpaka N'djili. Mama mzee peke yake hakucheka. "Mutoto ya watu," aliniambia, "mimi nimeshamuahidi Mungu nitamurudishia mukwe wangu sufuria yake kubwa. Sasa nitafanya namna gani?"

Bukari? Shangazi aliigonga kwa kidole, ikajibu. Tulikula chikwange.

Wiki moja baadaye nilirudi nyumbani, na kwa bahati mbaya tiketi ilinichomoza mfukoni. Muuza makala akaichomoa, akasoma polepole: kutoka 11:00, kufika 14:20. Akahesabu kwa vidole vyeusi. Akahesabu tena.

"Saa tatu na dakika makumi mbili," alisema, akinipa mkono kwa heshima. "Yaya, unisamehe. Kumbe kweli kurudi ni kupanda."