Kimya cha Seneti si kura

Gavana wa jimbo la Michigan, Marekani, akiteua mjumbe wa Tume ya Kilimo na Maendeleo Vijijini, baadaye utasikia wimbo uleule: "Seneti ya jimbo imemthibitisha." Lini? Kwa kura ngapi? Pekua kumbukumbu za vikao uone kama utaikuta hiyo kura.

Viti vya tume ni 5, muhula miaka 4. Mwombaji hujaza fomu ya ofisi ya gavana, gavana anachagua, barua inakwenda Seneti, na mteule anakalia kiti bila kusubiri. Unadhani hapo ndipo maseneta wanaanza kazi? Thubutu! Katiba ya jimbo ya 1963, ibara ya 5, kifungu cha 6, inasema wasipomkataa ndani ya siku 60 za vikao, amepita. Siku za vikao, si za kalenda, kwa hiyo miezi inakatika huku mjumbe anapiga kura zake. Na kumkataa kunataka wingi wa maseneta wote walio madarakani, si wa waliohudhuria. Viti 38 vya Seneti vikijaa, zinahitajika kura 20. Wakimkataa 19 na kumtetea 10, amepita. Seneta aliyekuwa chooni wakati wa kura amemsaidia sawasawa na aliyemtetea.

Huko Washington, kwenye Seneti ya taifa, mteule asiyepigiwa kura anakwama. Lansing, makao makuu ya Michigan, asiyepigiwa kura anapongezwa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: utaratibu huu unazuia wanasiasa kuacha kiti wazi kwa kukomoana.

Halafu kuna ile kanuni ya wajumbe wasiozidi 3 wa chama kimoja. Tamu sana kwenye karatasi. Michigan mpiga kura hajiandikishi kwa chama, sasa chama cha mtu utakihakiki wapi? Akisema hana chama, hana chama.

Kuna watakaosema tume imepungua nguvu, maana tangu 2009 mkurugenzi wa idara ya kilimo anateuliwa na gavana. Kweli. Lakini tume ndiyo inayopitisha miongozo inayompa mfugaji kinga dhidi ya mashtaka ya majirani na sheria za mtaa, chini ya Sheria ya Haki ya Kulima ya 1981. Mwaka 2014 ilibadilisha mwongozo wa maeneo ya mifugo: penye makazi ambapo kilimo hakiruhusiwi moja kwa moja, zikiwepo nyumba zaidi ya 13 zisizo za wakulima ndani ya moja ya nane ya maili, au hata moja ndani ya futi 250, hapafai kufugia. Wafuga kuku wa uani wakapoteza ngao, wakabaki kuomba ruhusa ya serikali ya mtaa. Kwa uamuzi wa watu ambao Seneti haikulazimika hata kuwatamka majina.

Kubadili katiba kunataka theluthi mbili za kila baraza la bunge la jimbo, au saini za wapiga kura, kisha kura ya wananchi, hilo tuliache. Lakini kamati ya Seneti haihitaji ruhusa ya mtu kumwita mteule, kumkalisha mbele ya kipaza sauti na kumuuliza ana ng'ombe wangapi, na nyumba ya jirani iko futi ngapi kutoka kwenye samadi.